Betri ya Gari la Khamis

Mtwara, 29 Septemba 2012

Kwa mdogo wangu Shaibu,

Assalaam aleikum. Nakusalimu wewe, mkeo, na kila aliyesimama nanyi katika msiba wa ndugu yetu Khamis. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na ampanulie kaburi lake. Huku tu wazima. Goti langu linauma likiona mawingu, korosho zimeanza kuanguka, na mjukuu wangu Yusra amepata kazi ya ukarani. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mambo ya mirathi yanataka karatasi. Neno la simu halina shahidi; kesho utasema hukulisema, nami nitasema nililisikia.

Khamis hakuacha nyumba ya kupangisha wala minazi. Ameacha gari. Gari hilo ndilo lililobeba samaki na abiria kati ya Palma na Mocímboa miaka yote hii, na ndilo pekee litakalowalisha mjane wake Wahida na binti zake wawili, Sumaia na Atija. Kwa hiyo nasema waziwazi: lisiendeshwe, lisikodishwe, lisiazimwe hata kubebea jeneza, mpaka mirathi igawanywe nami nikiwapo. Khamis hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo wewe na mimi nasi tuna sehemu humo. Na mwenye sehemu ndiye wa kuogopewa kwanza.

Lakini gari likilala huharibika, na uharibifu huanzia kwenye betri. Unakumbuka kwamba marehemu mume wangu aliendesha malori ya korosho. Msimu ukiisha, malori yalilazwa mpaka msimu mwingine, nami nilimwona alivyoyatunza. Fanya kama yeye. Fungua waya mweusi wa betri, ule wa hasi, kwa sababu saa na redio hunyonya betri hata gari likiwa limezimwa. Futa ukungu mweupe kwenye vichwa vyake, kisha upake grisi, maana upepo wa bahari wa Tungue, hapo Palma, hula madini ya risasi kama unavyokula mabati. Kila mwezi betri itolewe, ichajiwe polepole mpaka ijae. Maji yake yakipungua, ongeza maji ya betri ya dukani, si ya kisima. Kisima chenu kina chumvi, nanyi mnajua. Betri iliyoachwa na njaa haifi siku moja. Huganda ndani kidogo kidogo, na siku utakayoihitaji haipokei tena chakula.

Nijibu kwa mkono wa Mariamo, muuza kanga, ambaye huvuka mto wa mpaka kuja huko kila mwezi.

Dada yako,
Mwanaharusi binti Tuaibo


Palma, 21 Oktoba 2012

Dada Mwanaharusi,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka samli, maana Mariamo aliifunga pamoja na vyakula. Mke wangu amejifungua msichana, naye tumempa jina la mama yetu, Awa. Mji wetu umejaa watu. Tangu gesi igunduliwe huko baharini, ghala la chumvi la Bwana Rizuane limekuwa nyumba ya wageni, na samaki changu mmoja sasa ananunuliwa kwa bei ya kuku wawili. Sisi wenyeji tunakula mihogo na kuwatazama.

Sasa nisikilize. Jeneza la Khamis lilikaa barazani tangu asubuhi hadi alasiri. Watu waliniuliza, "Dada yenu yuko wapi?" Nikasema, "Yuko njiani." Wakauliza tena. Nikasema tena, "Yuko njiani." Mwishowe sheikhe akasema maiti hangoji. Tulimzika bila wewe. Mtwara si Maka, dada. Barua yako ina maneno mengi kuhusu betri, na halimo hata neno moja kuhusu siku hiyo.

Gari lipo salama. Bateria nimeichaji kama ulivyoagiza, na waya mweusi nimeufungua. Wahida yuko ndani ya eda, hatoki, na ua umefungwa kwa wanaume. Hata mimi shemeji yake nasalimu nikiwa nje.

Kuna mtu anaitwa Senhor Raimundo, mtu wa kusini, anayekodi magari kwa ajili ya kambi za watu wa gesi. Analipa vizuri. Anataka gari linalowaka mara moja, basi. Fikiri.

Mdogo wako,
Shaibu


Mtwara, 11 Novemba 2012

Kwa Shaibu,

Wa aleikum salaam. Nimefurahi kwa Awa mdogo. Mbusu kwa niaba yangu. Yusra anakusalimu. Mvua bado.

Umeniandikia kwamba ua wa Wahida umefungwa kwa wanaume na kwamba wewe mwenyewe unasalimu nje. Gari limo ndani ya ua huo huo. Tena umeniandikia kwamba umeichaji betri na kufungua waya. Uliingia kwa mlango upi? Au siku hizi betri za Palma hujaa kwa kusalimiwa?

Nilifundisha watoto wa watu miaka thelathini, Shaibu. Mtoto anayedanganya huandika vizuri kuliko kawaida. Barua yako haina kosa hata moja pale unapotaja betri. Kwingine umeandika kama kuku anayeparua.

Fundi hawezi kuingia, nawe huwezi. Vema, eda ni eda. Lakini Wahida ana mikono. Chukua barua yangu ya kwanza, simama nje ya mlango, umsomee neno kwa neno, usiruke wala usiongeze. Na spana umpitishie chini ya mlango.

Raimundo mwambie atafute gari lisilo na mayatima.

Mwanaharusi


Palma, 16 Desemba 2012

Dada,

Shikamoo. Awa anakohoa kidogo, tumempaka mafuta ya nazi. Mvua imenyesha siku mbili ikakatika.

Sikuwa nimeingia uani. Haya, umepata ulichokitaka.

Nilisimama nje ya ua wa marehemu, mchana, nikasoma barua yako kwa sauti. Wapita njia walisimama. Mzee mmoja akasema, "Shaibu, khutba hii ya betri, tuitikie amina wapi?" Watu wakacheka, nami nikaendelea kusoma, maana uliniambia nisiruke.

Wahida akasema kutoka ndani, "Rudia hapo pa waya mweusi."

Nikarudia.

"Hasi ndio ule wenye alama ya kutoa?"

"Ndio huo."

"Na hapo pa kutoendeshwa wala kukodishwa, rudia."

"Hapo ni maneno ya wakubwa, shemeji, si ya betri."

"Wewe soma. Mimi ndiye nitakayejua ni ya nani."

Nikarudia. Kisha akasema, "Lete spana. Nenda kapumzike, umekauka koo." Nikaipitisha chini ya mlango. Alichofanya baada ya hapo sikijui, na sitakiandika, usije ukaniuliza nilipita mlango gani.

Lakini eda inakwisha mwezi ujao, na Raimundo anachukua magari mwezi huo huo. Magari kutoka Pemba, ya huku kwetu si ya kisiwani, yanakuja kwa kufuatana. Tukisubiri uje, tutakuta nafasi zimejaa, na gari la Khamis litakuwa banda la kuku. Wanawe wanakula nini wakati huu? Sheria unayoishika ni ya Mungu, siikatai, lakini anayetia chungu jikoni si wewe. Na kama mirathi haigawanywi bila wewe, kwa nini huji? Hukuja kwenye maziko, hukuja kwenye arobaini. Nimekuuliza mara moja kwa upole. Hii ni mara ya pili.

Shaibu


Mtwara, 3 Januari 2013

Kwa Shaibu,

Wa aleikum salaam. Kikohozi cha mtoto mwangalieni usiku asilale chali.

Mariamo amerudi jana na habari ambayo wewe hukuiandika, ama kwa kuificha au kwa kutokujua, na sijui lipi baya zaidi. Anasema Wahida ameitoa betri garini na kuiweka chumbani kwake, na wanawake wa mtaa mzima wanampelekea simu zao na za wapangaji wao azichaji. Betri ya mayatima imekuwa duka!

Betri ya gari si ng'ombe wa kukamuliwa asubuhi na jioni. Imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa mara moja, gari liwake, kisha irudishiwe. Ukiikausha mpaka mwisho mara chache tu, imekufa, na hakuna fundi wala dua ya kuifufua. Mume wangu alimfukuza utingo wake kwa sababu hiyo hiyo, alipomkuta anasikiliza mpira kwa betri ya lori lililolazwa. Nami niliagiza itunzwe, sikuagiza ifanyiwe biashara. Mkubwa wenu akiwa hayupo, kila mtu anajikatia nyama.

Mwambie Wahida aache leo. Nawe usithubutu kulitoa gari hilo kwa Raimundo. Ukilitoa kabla ya mgawanyo, umekula mali ya yatima, na tumbo lako unajua litajazwa nini. Hilo silisemi mimi, limesemwa.

Habari ya kuja kwangu niachie mwenyewe.

Mwanaharusi


Palma, 2 Februari 2013

Dada Mwanaharusi,

Shikamoo. Awa amepona. Wote wazima.

Barua yako ilifika mambo yakiwa yamekwisha kutokea, kwa hiyo usiniulize kwa nini sikuitii. Mvua iliharibu njia, na Mariamo alikwama Namoto, kwenye kivuko cha upande wetu.

Eda ilikwisha, Wahida akaoga, mlango ukafunguliwa. Kesho yake nikaenda na Raimundo. Ndiyo, nilikwenda naye. Nimeandika wazi ili usihangaike kunikamata. Wahida alikuwa anafagia. Gari lilikuwa limefunikwa turubai, magurudumu yamewekewa matofali, safi kuliko siku za Khamis. Nikajisifu mbele ya mgeni: "Unaona, Senhor? Sisi tunatunza."

Nikafungua boneti. Pale pa betri pana shimo!

Raimundo akaniangalia. Akasema kwa Kireno kwamba gari hili lina njaa, halina tumbo. Nikamgeukia Wahida nikapaza sauti, sikufichi. "Umeuza!"

Akaacha ufagio. "Nimeuza nini?"

"Bateria ya marehemu iko wapi?"

"Ipo inapolala. Wewe ulikuwa unalala wapi miezi yote hii?"

Akaingia ndani, akatoka nayo kichwani juu ya kata, dada, kama ndoo ya maji. Nilikimbilia kumpokea, akanipita. Akaitia mahali pake, akafunga waya mwekundu, kisha mweusi, akaingia garini na ufunguo. Liliwaka mara moja. Hata halikukohoa.

Raimundo akapiga makofi. "Está bom! Safi! Gari hili ni langu kuanzia kesho."

Wahida akazima. Akashuka, akafungua waya mweusi, akafungua mwekundu, akaitoa betri.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Narudisha mali ndani. Gari haliendeshwi, halikodishwi, haliazimwi hata kubebea jeneza, mpaka mirathi igawanywe na dada akiwapo. Si wewe uliyenisomea? Tena mara mbili."

"Nilisoma kwa ajili ya betri!"

"Mimi nilisikiliza yote."

Hapo jirani akatokea na simu ya kuchajiwa, nikaelewa, nikamwambia Wahida kwamba yeye mwenyewe anaitumia betri kwa simu za watu, basi asitufundishe amana. Akanionyesha juu ya paa paneli ndogo ya sola, ile ambayo Khamis aliinunua kwa ajili ya taa. Akasema hakuchaji simu kwa giza hata siku moja. Anachaji jua likiwa limewaka, na taa ya kijani kwenye kidude cha kupimia chaji ikizimika anafunga duka. "Dada aliandika betri isishinde njaa. Haikushinda. Wanangu nao hawakushinda. Kuna kosa gani hapo?" Raimundo akacheka mpaka akashika kiuno, akaenda zake kuchukua gari la mtu mwingine. Nimekuwa wimbo wa baraza. Watoto wananiita Senhor Bateria.

Na lingine. Raimundo alipoondoka nilikwenda Namoto kumtafuta Mariamo, nikakaa na Jamaldine mwenye mtumbwi. Akaniambia, "Shaibu, yule dada yako aliwahi kupata karatasi zake?" Karatasi gani? Akanieleza. Siku ya maziko ulikuwa ng'ambo tangu alfajiri. Ulivuka. Ukakanyaga mchanga wa huku. Ukaulizwa pasipoti, hukuwa nayo, ukarudishwa mtumbwini.

Miezi mitano, dada! Miezi mitano nimekutukana kwa barua na kwa maneno, nimewaambia watu umekuwa Mtanzania na umetusahau, nawe ukaniacha niseme. Ungeandika mstari mmoja. Una ulimi wa kunisahihisha kila kitu ila hiki. Hasira niliyokuwa nayo kwa kutokuja kwako si kitu mbele ya niliyo nayo leo.

Shaibu


Mtwara, 20 Februari 2013

Kwa Shaibu,

Wa aleikum salaam. Tu wazima.

Ni kweli. Nilivuka, nikarudishwa. Aliyenirudisha alikuwa kijana mwenye sare, hakunitukana, alikuwa na adabu. Aliniita mama. Aliniuliza natoka nchi gani. Nimezaliwa Tungue, kitovu changu kimezikwa nyuma ya nyumba ya baba, na nimeuvuka mto huo kwa mtumbwi kabla mama yake kijana huyo hajazaliwa, bila kuulizwa na mtu. Siku hizi kwa sababu ya gesi yenu wanauliza. Nilitaka kumjibu, Shaibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupata sentensi. Nikakaa Kilambo, upande wa huku kwetu, chini, kwenye mchanga, mpaka nilipohesabu kwamba mmekwisha kumzika. Nimeomba pasipoti, naambiwa nilete cheti cha kuzaliwa. Kilichopo ni kaburi la mkunga. Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kuhurumiwa na mtu anayeandika kama kuku. Usinitajie jambo hili tena.

Sasa mirathi. Wahida alikuwa na haki, nami nilimsema vibaya kabla ya kumsikia. Mfikishie hivyo, kwa sauti ile ile uliyomsomea barua. Amri yangu ilikuwa na masikio mawili tu huko Palma, na hayakuwa yako.

Nilisema mirathi igawanywe nikiwapo. Nitakuwapo, mpaka pale ninaporuhusiwa kufika. Jumamosi, tarehe 16 Machi, mje Namoto kwa gari hilo, na sheikhe, na Wahida na binti zake. Safari hiyo naihalalisha mimi kwa sehemu yangu. Nawe halalisha kwa yako. Mimi nitakuwa ng'ambo ya pili. Mariamo ana pasipoti. Atavuka na mashahidi wangu wawili awe wakili wangu. Wahida ana thumuni yake, watoto wana theluthi mbili, kinachobaki ni chako na changu, nawe unapata mara mbili yangu. Sehemu yangu nimewapa Sumaia na Atija. Yako sikuagizi. Sheria haikulazimishi, na mtu hatoi kwa kusukumwa.

Mwanaharusi


Palma, 5 Machi 2013

Dada,

Shikamoo. Tutakuja.

Sehemu yangu siitoi. Mimi si wewe, nina watoto wanne na mitego iliyochakaa. Lakini nimekubaliana na Wahida: nitaendesha gari, yeye atashika mapato, na sehemu yangu nitailia humo humo kwa jasho. Ameniwekea sharti. Jioni betri inalala kwake. Nimemwambia anadhani mimi ni mwizi. Akasema, "Sidhani, shemeji, nafunga mlango tu."

Mto ni mpana na macho yako najua hali yake. Tukifika nitapiga honi ujue tupo.

Shaibu


Mtwara, 18 Machi 2013

Kwa Shaibu,

Wa aleikum salaam. Goti limevimba kwa kusimama mchangani. Yusra alinipeleka na kunirudisha, naye anakusalimu.

Mariamo ameniletea karatasi ya mgawanyo ikiwa na sahihi zote. Nimeisoma. Jina la Atija mmelikosea, nimelisahihisha.

Sikuwaona. Niliona kitu cheupe upande wenu, huenda lilikuwa gari, huenda lilikuwa turubai la wachuuzi. Lakini honi niliisikia. Niliisikia mara ya kwanza, nikanyoosha mkono. Mkapiga tena. Mkapiga mpaka Mariamo anarudi, mpaka wapiga kasia wakaanza kucheka, mpaka watu wa huku wakaniuliza, "Bibi, ni arusi ya nani?" Nikawaambia ni ndugu zangu.

Injini haikuwa inawaka. Nina masikio, ningeisikia. Mlikuwa mnapiga honi gari likiwa limezimwa, na honi hunyonya betri kuliko taa. Betri hiyo sasa ina wenyewe, kwa mafungu, na wewe fungu lako ni dogo. Mwambie Wahida asikuruhusu tena.

Nitakuja Kilambo mwisho wa mwezi ujao, Jumamosi. Mkija, washeni injini kwanza.

Dada yako,
Mwanaharusi binti Tuaibo